Ukingo wa Dari: Jinsi Vizuizi vya Usalama kwenye Madaraja na Majengo Marefu Vinavyookoa Uhai

Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 aya ya 8, mna agizo fupi ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitafakari. Mwisraeli anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuizungushia dari yake ukingo, ili nyumba yake isije ikabeba hatia ya damu endapo mtu ataanguka kutoka juu. Nyumba za nyakati zile zilikuwa na paa bapa. Watu walipanda huko kupumzika, kusali, kuanika mazao na kulala wakati wa joto. Sheria ya Mungu haikuishia kumwambia kila mtu ajiangalie mwenyewe. Ilimgeukia mwenye nyumba, ikamkumbusha kwamba uhai wa yule atakayepanda darini kwake umo pia mikononi mwake.

Leo binadamu anaishi katikati ya madaraja marefu, maghorofa na minara, lakini swali la agizo lile limebaki lile lile: ni nani mwenye wajibu wa kuweka ukingo? Makala haya yanaeleza jinsi vizuizi vya usalama katika maeneo ya juu yanayotumiwa na umma vinavyosaidia kuzuia vifo vya kujiua, ushahidi uliopatikana katika miji iliyotangulia kuvijenga, mafundisho ya Mama Kanisa kuhusu jambo hili, na yale ambayo parokia, shule na hospitali zetu zinaweza kuyafanya.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe mwenyewe unapitia mawazo ya kujitoa uhai, anzia sehemu ya mwisho ya makala haya, yenye kichwa “Ukihitaji msaada sasa”.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na karibu robo tatu yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Nyuma ya kila kifo wamo wazazi, wenzi, watoto, majirani na wanajumuiya wanaobaki na jeraha lisilopona upesi. Tangu mwaka 2003, tarehe 10 Septemba ya kila mwaka huadhimishwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Kuzuia Kujiua.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2021, Shirika hilo linataja hatua nne za msingi: kupunguza upatikanaji wa njia za kujidhuru, kushirikiana na vyombo vya habari ili viripoti kwa uangalifu, kuwalea vijana katika stadi za maisha na za kutawala hisia, na kuwatambua mapema walio hatarini ili wapate matibabu na ufuatiliaji. Vizuizi vya madarajani na katika majengo marefu ni sehemu ya hatua ile ya kwanza.

Wavu wa Golden Gate

Daraja la Golden Gate, linalovuka mlango wa Ghuba ya San Francisco nchini Marekani, lilifunguliwa mwezi Mei 1937. Kabla ya kufunguliwa kwake lilikuwa tayari na historia ya wavu. Wakati wa ujenzi, mhandisi mkuu Joseph Strauss aliagiza wavu mkubwa utandazwe chini ya sakafu ya daraja kwa ajili ya mafundi. Wanaume 19 walioteleza kutoka juu walidakwa na wavu huo wakaishi. Mwezi Februari 1937 jukwaa zito la kazi liliporomoka, likauchana, na wafanyakazi 10 wakapoteza maisha. Hata hivyo kila mmoja alikuwa ameshaona faida ya tahadhari ile. Ujenzi ulipokwisha, wavu uliondolewa. Maisha ya fundi yalikuwa yamewekewa wavu. Mpita njia aliyelemewa na huzuni aliachiwa ukingo mfupi.

Kwa miongo mingi daraja hilo lilikuwa mahali ambapo watu waliokata tamaa walikwenda kuyatoa maisha yao. Mapendekezo ya kuweka kizuizi yalitolewa tena na tena, na tena na tena yakawekwa kando. Wengine walisema daraja zuri kama lile lisiharibiwe sura yake. Wengine walilalamikia gharama. Wengine walishikilia kwamba mtu aliyekwisha kuamua kufa atapata tu njia nyingine.

Hali ilibadilika kwa sababu familia zilizofiwa hazikunyamaza. Wazazi walihudhuria vikao vya bodi ya daraja wakiwa wameshika picha za watoto wao. Pamoja nao alisimama Kevin Hines, aliyenusurika katika daraja hilo mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 19. Yeye ameeleza hadharani mara nyingi kwamba alijuta papo hapo, na kwamba siku ile alitamani mtu mmoja tu amuulize ana shida gani. Leo yu hai, na amezunguka nchi nyingi akiwahimiza wenye mateso ya akili waendelee kuishi na kutafuta matibabu.

Mwaka 2008 bodi iliamua kwamba wavu ndio kizuizi kitakachowekwa. Mwaka 2014 iliidhinisha fedha, na mwezi Januari 2024 kazi ilikamilika kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 200 za Marekani. Wavu huo wa nyaya za chuma kisichoshika kutu umetandazwa chini ya njia za waenda kwa miguu, pande zote mbili, kwa urefu wa daraja wa takribani kilomita 2.7. Tangu hapo vifo vimepungua kwa kiasi kikubwa. Ilichukua karibu miaka 87 wavu ule kurudi mahali pake.

Je, sikio la kufa halisikii dawa?

Methali yetu husema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Watu huitumia mara nyingi msibani, hasa marehemu anapokuwa amejitoa uhai, kana kwamba hakuna lolote lililowezekana kufanyika. Juu ya jambo hili ushahidi unaipinga methali hiyo.

Mwaka 1978 mtafiti Richard Seiden wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu watu 515 waliozuiwa kujiua katika Daraja la Golden Gate kati ya mwaka 1937 na 1971. Swali lake lilikuwa rahisi: je, baada ya kuzuiwa walikwenda kujiua kwingine? Alikuta kwamba takribani asilimia 94 ama walikuwa hai bado, ama walikuwa wamefariki kwa sababu za kawaida. Kwa walio wengi, kuzuiwa siku moja kuliwafungulia miaka mingi ya maisha.

Sababu zake zinaeleweka. Kwanza, dhoruba inayomsukuma mtu kujitoa uhai, hata kama huzuni iliyoizaa ni ya muda mrefu, mara nyingi hupanda kwa ghafla na kudumu kwa muda mfupi, pengine dakika au saa chache. Pili, ndani ya mtu huyo huwa mna nafsi mbili zinazoshindana, moja inataka maumivu yakome na nyingine inataka kuishi. Tatu, mtu aliye katika dhoruba hiyo hana wepesi wa kubuni mpango mwingine. Akili yake imebanwa, na njia aliyoifikiria ikifungwa, aghalabu hubaki amesimama. Kizuizi hakimwondolei huzuni yake. Humpatia muda, na katika muda huo simu inaweza kupigwa, rafiki anaweza kufika, machozi yanaweza kutoka, na nafsi inayotaka kuishi ikapata nguvu.

Ushahidi wa miji mingine

Jijini Washington, Marekani, yapo madaraja mawili marefu yaliyo jirani: Daraja la Duke Ellington na Daraja la Taft. Mwaka 1986 daraja la kwanza liliwekewa vizuizi, la pili likaachwa lilivyo. Wapinzani walitabiri kwamba watu wangevuka tu mtaa na kwenda daraja la pili. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba vifo katika Daraja la Ellington vilipungua sana, na katika Daraja la Taft havikuongezeka kwa kiasi kikubwa.

Jijini Bern, Uswisi, kuna uwanja ulioinuliwa kando ya kanisa kuu la kale la mji huo. Mwaka 1998 mji uliuwekea wavu. Katika miaka iliyofuata hakuna aliyejiua mahali hapo, wala vifo kutoka maeneo mengine ya juu mjini humo havikuongezeka. Nchini Uingereza, Daraja la Clifton jijini Bristol liliwekewa uzio wa nyaya mwaka huohuo wa 1998, na vifo vikapungua kwa nusu. Hata kizuizi ambacho hakikuweza kufunika kila sehemu ya daraja kiliokoa watu.

Jijini Auckland, New Zealand, funzo lilitoka upande wa pili. Daraja la Grafton lilikuwa na vizuizi kwa takribani miaka 60. Mwaka 1996 viliondolewa, na vifo vikaongezeka mara tano. Mwaka 2003 viliwekwa vizuizi vipya vilivyo bora zaidi, na uchunguzi wa miaka iliyofuata haukupata kifo hata kimoja cha kujiua darajani hapo.

Daraja la Prince Edward jijini Toronto, Kanada, linafundisha subira. Mwaka 2003 lilikamilishiwa pazia la nyaya za chuma lililobuniwa kwa ustadi ili lipendeze macho. Utafiti wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2010, ulikatisha tamaa: vifo darajani vilikoma, lakini katika jiji zima havikuonekana kupungua. Watafiti hawakuficha matokeo hayo. Walirudia hesabu baada ya muda mrefu zaidi, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba punguzo lilikuwa limeonekana pia katika jiji zima, bila ongezeko la vifo kwa njia nyingine. Waliona pia kwamba jinsi vyombo vya habari vinavyoripoti kuhusu mahali kama hapo huenda ikaathiri matokeo.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi za namna hii kutoka nchi mbalimbali. Waliona kwamba pale kizuizi kinapowekwa ipasavyo, vifo mahali hapo hupungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Sifa za kizuizi kinachofaa

Kwanza, kiwe kirefu vya kutosha na kisiwe na mahali pa kukanyagia wala pa kushikilia kwa urahisi. Pili, kifunike eneo lote bila kuacha pengo. Tatu, kikaguliwe na kutengenezwa mara kwa mara, kwa maana uzio uliooza ni sawa na kukosa uzio. Nne, kiheshimu uzuri wa mahali. Toronto imeonyesha kwamba usalama na uzuri vinaweza kukaa pamoja.

Katika majengo, milango ya kwenda kwenye paa ifungwe na funguo zitunzwe na mhusika mmoja anayejulikana. Madirisha ya ghorofa za juu yawekewe kishikizo kinachozuia yasifunguke kupita kiasi, na roshani ziwe na ukingo wa kutosha.

Hata hivyo kizuizi hakitoshi peke yake. Huhitaji kusindikizwa na watu. Katika madaraja mengi duniani zimewekwa simu za dharura na vibao vyenye maneno ya kutia moyo, na wapo askari na watu wa kujitolea waliofundishwa kumkaribia kwa upole mtu anayeonekana kulemewa. Mwaka 1953 jijini London, mchungaji wa Kianglikana Chad Varah alianzisha huduma ya Samaritans ya kuwasikiliza kwa simu watu waliofikia ukingo wa kukata tamaa; huduma hiyo imekuwa kielelezo kwa nyingine nyingi duniani. Jina hilo linakumbusha kwamba Msamaria Mwema alifanya jambo la kwanza kabla ya mengine yote: alisimama.

Mafundisho ya Mama Kanisa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2280 hadi 2283, inafundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, nasi ni wasimamizi wake, si wamiliki. Kujiua kunapingana na upendo halali ambao mtu anapaswa kuwa nao kwa nafsi yake, kunavunja vifungo vya upendo kwa jirani na kwa jamii, na kunapingana na upendo kwa Mungu aliye hai. Katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, Mtakatifu Yohane Paulo II alirudia mafundisho hayo akiyaweka ndani ya tangazo kubwa la Injili ya uhai.

Katekisimu hiyohiyo inafundisha pia kwamba maradhi mazito ya akili, uchungu mkali na hofu kubwa ya mateso vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu. Kanisa halitamki kwamba aliyejitoa uhai amepotea milele. Linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, ambaye kwa njia anazozijua mwenyewe anaweza kumpa nafasi ya toba, na linamwombea.

Mafundisho haya mawili yanatuwekea wajibu mmoja. Ikiwa uhai ni mtakatifu, basi kuulinda si kazi ya aliyelemewa peke yake. Na ikiwa aliyelemewa mara nyingi hana uhuru kamili wa kuamua, basi wale wenye uhuru huo wanapaswa kuutumia kwa ajili yake. Hapo ndipo agizo la ukingo wa dari linapopata maana yake kamili.

Maandiko Matakatifu hayaoni haya kueleza habari za watu wa Mungu waliofikia kikomo. Nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 19, aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, kisha akamwonyesha njia iliyobaki. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16, mlinzi wa gereza la Filipi alitaka kujiua akidhani wafungwa wote wametoroka. Mtume Paulo alipaza sauti kutoka gizani, akamsihi asijidhuru, akamhakikishia kwamba wote wamo. Usiku uleule mlinzi huyo na jamaa yake yote walibatizwa. Sauti ile ilikuwa ukingo wa dari.

Hali katika nchi zetu

Miji ya Afrika Mashariki inakua kwa kasi, na maghorofa na madaraja yanaongezeka kila mwaka. Gharama ya kizuizi kinachochorwa pamoja na jengo tangu mwanzo ni ndogo kuliko ya kile kinachoongezwa baadaye. Golden Gate ni shahidi. Wasanifu, wahandisi na viongozi wa halmashauri ambao ni waamini wanalo hapa jukwaa la kuishi utume wao wa walei.

Kanisa lenyewe ni mwenye nyumba. Majimbo yetu yanamiliki shule za bweni zenye ghorofa, hospitali, vyuo, hosteli na minara ya kengele. Kamati ya ujenzi ya parokia inapoketi kujadili ramani, pamoja na swali la madhabahu na la viti, iulize pia: ukingo wa ngazi na roshani uko wapi? Ufunguo wa mnara utakaa kwa nani? Katika wodi, mgonjwa aliyelemewa kimawazo atalazwa karibu na dirisha la namna gani?

Vijijini, ambako hakuna madaraja marefu, kanuni ni ileile kwa sura nyingine. Sumu za kilimo ni miongoni mwa hatari kubwa katika nchi za wakulima. Sri Lanka ilipopiga marufuku hatua kwa hatua zile zenye sumu kali zaidi, idadi ya watu wanaojiua nchini humo ilishuka sana, na maelfu ya watu wakaokolewa. Familia inayoweka sumu hizo ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na mahali pa kulala, imejenga ukingo wake.

Tuangalie pia sheria. Katika baadhi ya nchi zetu, sheria zilizorithiwa kutoka enzi za ukoloni humhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na kwa hofu ya kukamatwa familia humficha badala ya kumpeleka hospitali. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichohusu kosa hilo, ni kinyume cha Katiba. Kuondoa adhabu hakumaanishi kusema kwamba kujiua ni jema. Kunamfungulia mgonjwa mlango wa daktari.

Ukingo ndani ya Jumuiya

Wengi wetu hatutajenga daraja. Kila mmoja, hata hivyo, anaweza kuwa ukingo kwa jirani yake. Yafuatayo yanaweza kufanyika katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo.

Tambua dalili. Mtu anayesema kwamba ni mzigo kwa wengine, anayejitenga na Jumuiya bila sababu, anayegawa vitu vyake vya thamani, anayeaga kwa namna isiyo ya kawaida, anayezidisha pombe, au aliyepata msiba, deni, fedheha au maradhi mazito, asipuuzwe.

Uliza waziwazi. Wengi huogopa kwamba kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua kutampandikizia wazo hilo. Sivyo ilivyo. Swali lililoulizwa kwa upole humpa nafuu, kwa kuwa limemwonyesha kwamba kuna mtu aliyemwona.

Sikiliza bila kuhukumu. Usimwambie kwamba imani yake ni haba, wala usimlinganishe na wenye shida kubwa zaidi. Kaa naye, kama marafiki wa Ayubu walivyokaa kimya siku saba kabla hawajaharibu kwa maneno yao.

Usimwache peke yake, na uondoe karibu naye vitu vya hatari. Msindikize hospitalini au kwa mtaalamu wa afya ya akili. Sala na matibabu haviko katika mashindano; Mungu aliyempa Eliya faraja alimpa pia mkate.

Mapadre wana nafasi ya pekee. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote ile. Lakini padre anayesikia maungamo ya mtu aliyelemewa anaweza kumsihi wazungumze pia nje ya kitubio, ili aweze kumtafutia msaada. Homilia iwe na maneno ya matumaini, na makatekista wafundishwe dalili za hatari.

Tena, tuwe waangalifu na habari. Kusambaza picha za tukio, kutaja mahali na namna lilivyotendeka, au kulipamba kwa maneno makali kunaweza kumsukuma mwingine aliye katika hali hiyohiyo. Katika makundi yetu ya WhatsApp, ujumbe wa namna hiyo uishie kwako.

Kwa waliofiwa

Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilimnyima mazishi ya Kikanisa mtu aliyejiua kwa makusudi kamili. Sheria za mwaka 1983 zinazotumika sasa haziwataji tena watu hao miongoni mwa wanaonyimwa mazishi. Kwa hiyo familia iende kwa paroko wake bila hofu, iombe mazishi na Misa. Asiwepo mwanajumuiya wa kuinyooshea kidole, wala wa kuuliza maswali ya udadisi msibani.

Inasimuliwa katika maisha ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney, Paroko wa Ars nchini Ufaransa, kwamba mjane mmoja alifika akiwa amevunjika moyo kwa sababu mumewe alikuwa amejiua kutoka darajani. Kabla hajasema neno, mtakatifu huyo alimwambia kwamba mumewe ameokoka, kwa kuwa kati ya daraja na maji alipata nafasi ya kutubu. Kanisa halikusimulia habari hiyo ili kifo cha namna hiyo kionekane chepesi; linaisimulia ili aliyefiwa asikate tamaa naye. Huruma ya Mungu hufika mahali ambapo mikono yetu haikufika. Lakini pale mikono yetu inapoweza kufika, Mungu hutaka ifike.

Ukihitaji msaada sasa

Ikiwa unawaza kujitoa uhai, mwambie mtu mmoja leo, kabla ya usiku: mzazi, rafiki, jirani, mwalimu, katekista, mtawa au padre. Maneno machache yanatosha: sijisikii salama, naomba ukae nami. Ondoka mahali pa hatari uende penye watu. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu, ueleze unachopitia. Hayo ni maradhi yanayotibika.

Nchini Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu bure kwa namba 1199. Kwa watoto na vijana, namba 116 inatumika bure nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa dharura nchini Tanzania, piga 112.

Dhoruba uliyo nayo ni kali, lakini ina mwisho. Wengi waliowahi kusimama hapo uliposimama wapo hai leo, wanalea watoto, wanafanya kazi na wanasali, kwa sababu siku moja kitu au mtu fulani aliwazuia. Mpe mtu nafasi ya kuwa ukingo wako.